Vigari Vyetu Vimeiwahi Mvua ya Isingiro

Projestus rafiki yangu,

Vimeweza. Naanza na hilo, maana ningeanza na salamu ndefu ungenikatiza.

Juzi wingu lilitanda ghafla hapa Isingiro, kahawa ya kikundi chetu kizima ikiwa imeanikwa uwanjani kwenye trei. Wanachama walishatuonya: ikilowa tena, vigari vyetu vya kujiendesha vinauzwa kama chuma chakavu. Mimi nilitangulia bandani, si unakijua kitambi changu. Vigari vikatawanyika vyenyewe, bila mtu kuvielekeza. Viwili vilipokutana mlangoni, kitupu kikarudi nyuma kukipisha chenye mzigo. Trei ya mwisho iliingia, ndipo mvua ikamwagika.

Unakumbuka tulivyoanza? Kigari kikiingiza trei kinapata alama, kikigonga kinapoteza, kijifunze chenyewe kwa kujaribu na kukosea. Vyote vikagombania trei za karibu na mlango, za mbali zikalowa. Nikajiona nina akili, nikavipa alama za pamoja. Vingine vikajiegesha kivulini, vikila jasho la wenzao. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mwalimu, umezaa shemeji zako, wale wa kula na kulala."

Kisha ukanikumbusha msiba wa baba yangu kule Bugene. Majirani hawakuuliza nani kaja. Waliuliza nani hayupo, wakatazama kazi iliyolala: maji hayajachotwa, ndizi hazijamenywa. Ukasema, "Kila kigari kipe alama kwa pengo lake. Kiondoe kwenye hesabu, uone wenzake wangepungukiwa nini."

Nilibisha, kama kawaida yangu. Ukafa kabla hatujajaribu. Na msibani kwako, Projestus, pengo lako lilionekana. Kila kitu kililala.

Nikarudi kwenye kompyuta na hesabu yako ya pengo. Nilikosea sana, hesabu zangu ungezicheka tena. Lakini vigari vilimvumilia mwalimu wao, vikajifunza.

Mvua ilipokatika, mwenyekiti akauliza nani amevifundisha. Nilitaka kujisifu kidogo, nisikudanganye. Mkeo, Mama Jovina, akanitazama tu, mikono kiunoni. Nikasema ni wewe. Akapiga vigelegele, mara ya kwanza tangu tukuzike, na uwanja mzima ukampokea.

Kikundi cha Rugera nacho kinavitaka msimu ujao. Nitavipeleka mwenyewe, na nakuahidi: hesabu yako siigusi, hata siku nikijiona mjanja.

Pumzika, ndugu yangu. Huku kahawa ni kavu.

Deogratias