Supu Nayo Ni Nyama

Mwabungo,
Jumapili, tarehe 6 Julai

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Mimi ni mzima, na kile kifua kilichokuwa kikinibana wakati wa mvua kimepoa. Mguu wako unaendeleaje? Na wale viboko, wameacha kuingia kwenye mpunga au bado mnawapigia madebe? Mpe Mishi akusomee barua hii polepole, asiruke hata mstari mmoja.

Naandika kwa sababu kwenye simu nikiisikia sauti yako huwa nakubali kila kitu. Jana uliponiambia, "Mwanangu, muombe radhi tajiri yako, yaishe," nilijibu, "Ndiyo Baba." Tangu hapo nimekaa nikifikiri. Sitamuomba. Shemeji Salim, kwa kuwa ndiye aliyenitafutia kazi, amekueleza kwamba nimemtia aibu. Lakini hakuwapo, na hakukueleza yote.

Unajua napika kwenye mkahawa wa chipsi, kuku na baga pale Diani. Ipo pia baga ya mboga, na ubao mlangoni unasema haina nyama. Kile kitonge cha ndani ni viazi na maharagwe ninayoyaponda mwenyewe. Siku yangu ya kwanza tajiri, Bwana Kelvin, aliniagiza niyachemshe maharagwe kwa supu ya mifupa ya ng'ombe, yapate utamu. Chipsi nazo tunazikaanga kwenye mafuta yaleyale ya kuku. Nilimuuliza kuhusu ule ubao. Akacheka: "Mama, nyama ni kitu unatafuna. Hiyo ni maji tu." Nikanyamaza. Miezi mitano, Baba, nilinyamaza, na hilo ndilo kosa langu.

Kila Ijumaa huja Mama Nirmala, Mhindi mwenye duka la vitambaa Ukunda. Tangu azaliwe hajala nyama wala samaki. Ndiyo dini yake. Humuuliza Brayo anayepokea pesa, na Brayo humjibu, "Haina kabisa, mathe." Ijumaa hii Brayo alikuwa ametoka. Mama Nirmala akala kidogo, kisha akaja na sahani yake mpaka kwenye dirisha la jikoni.

"Leo tamu sana. Mwanangu, hakuna nyama humu, sivyo?"

Nikamkumbuka marehemu mume wangu, Athumani. Miaka yake miwili ya mwisho, daktari alipomkataza chumvi, alikuwa akishika kijiko na kunitazama: "Zuhura, hujatia?" Nikisema sijatia, anakula. Hakuwa akionja kwanza. Alikamua ndimu mpaka vidole vikakunjamana, akakunja na uso, lakini alikula. Tangu tumzike hakuna mtu aliyewahi kuniuliza vile, sahani mkononi, akingoja neno langu.

Nikamwambia, "Kuna supu ya ng'ombe, mama. Na hizo chipsi zimekaangwa pamoja na kuku."

Alitema kilichokuwa mdomoni kwenye karatasi, akaikunja, akaikunja tena. "Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi hapa."

Hakunishukuru. "Ungeniambia mapema," akasema, machozi yakimlengalenga, akaenda zake.

Bwana Kelvin alinifokea mbele ya watu wote. "Aki, unanifukuzia kastoma! Kwani amekufa?" Brayo alikuwa amesharudi, naye akadakia, "Ngojeni, kesho Mama Kipini atatuambia hata chumvi ina roho." Ndivyo wanavyoniita, kwa jina la kwetu. Wakacheka jiko zima. Nikawaacha wamalize. Kisha nikasema, "Nipe sufuria moja na karai moja visivyoguswa na nyama, nitampikia baga na utamu hataukosa. Hutaki, basi ung'oe ule ubao." Hakutaka hili wala lile. Aliniambia niende dukani kwa yule mama nikamwambie nilichanganyikiwa, kwamba chakula hakikuwa na nyama. Nisipofanya hivyo, Jumatatu nisirudi. Hiyo ndiyo radhi anayoitaka, Baba. Shemeji hakukwambia kwamba ni uongo.

Kesho ndiyo Jumatatu. Dukani kwa Mama Nirmala nitakwenda, tena asubuhi mapema, lakini nitakwenda kumuomba radhi yeye kwa ile miezi mitano. Akinifukuza, anifukuze. Nikitoka hapo nitampelekea Bwana Kelvin aproni yake, imefuliwa na kupigwa pasi. Kazi nyingine nitaitafuta. Ukiniona mkaidi, nisamehe, ila sikukaidi wewe. Shemeji akipiga simu tena, mwambie binti yako amekwishajibu.

Nisalimie mama mdogo anayekuuguza mguu, kaka yangu seremala na mkewe, na shangazi wa mahamri. Mishi msomaji, ahsante, umechoka.

Mkikaa kula, mnikumbuke.

Ni mimi binti yako,
Zuhura