Nilifumba Macho

Shoga, uko?

Yule binti wa kazi wa kwa jirani, kwa mke wa mzee wa kanisa, alikimbilia kwangu asubuhi. Mgongo umechomwa pasi. Pasi, shoga! Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hapa hutoki."

Mara bosi wake huyo mlangoni, kaja na mchungaji. Nikauziba mlango kwa mwili wangu huu unaoujua. "Hampiti! Yesu angekuwepo, angesimama hapa na mimi."

Mchungaji akatabasamu. "Umesema vyema, bibi. Basi tuombe." Akanishika mikono, akanisogeza pembeni taratibu.

Nikafumba macho. Shoga, nikafumba! Mtu akisema tuombe, macho yangu yanajifunga yenyewe.

Ombi tamu hilo, mpaka nikalia. Nasema amina, nafumbua, binti hayupo. Gari linakata kona. Mchungaji bado kanishika mikono.

Haya, kitendawili: nani kaombewa mpaka kaibiwa? Usihangaike, ni mimi.

Polisi wanasema nirudi kesho, mkubwa wao hayupo.

Sasa niko getini kwa huyo jirani, nagonga. Anayenijibu ni mbwa tu. Njoo, shoga, tugonge wawili.