Riziki Asilale Katika Chumba Kile

Goma

Papa,

Kabla hujakasirika tena, pokea kwanza salamu zangu. Mgongo umeamkaje? Mama bado anakukanda kila jioni, au amechoka na malalamiko yako? Na mvua je, imeyaachia maharagwe yakauke au yanaozea shambani? Sisi huku tunaishi. Bahati bado anasukuma chukudu, ile baiskeli yake ya mbao, anabeba mbao za watu, na jioni mabega yake yanawaka moto. Neema ameshajua kuandika jina lake. Baraka ameota meno na anatuuma wote bila ubaguzi.

Papa, jana kwenye simu hukuniacha nimalize. Ulisema, "Furaha, mji imekufundisha kufungia damu yako mulango," halafu ukakata. Nililia, sikufichi. Ndiyo maana ninaandika na kumpa barua hii yule mama wa maharagwe anayepanda gari la huko kwenu Kalengera, kwa sababu karatasi huwezi kuikata kama simu. Ninachokuomba ni kimoja: Riziki na mtoto wake mchanga wasije kulala kwangu kwa sasa. Soma mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Ulipotuambia kwamba milio ya risasi imesogea tena karibu na kwenu, na kwamba mdogo wangu hapati usingizi tangu ajifungue, Bahati hakungoja nimwombe. Unajua nyumba yetu ni chumba kimoja na kitanda kimoja. Nyuma yake parseli, kiwanja chetu, inashuka, kuna shimo pana katikati ya mawe ya volkano, na Bahati akasema hapo ndipo pa shemeji. Akajenga vile ulivyotujengea sisi kilimani: akachimba, akasawazisha, akakizamisha chumba ardhini ili upepo upite juu yake. Kukiingia lazima ushuke ngazi. Kuta aliweka za mbao, na kila ufa akauziba kwa bashi, lile turubai la plastiki ambalo watu wa kambi za Kanyaruchinya wanalijua kuliko blanketi. Mlango ulikaza hata sisimizi asipite. Nilimsifu mume wangu siku hiyo mpaka akaona haya, na tukakutumia habari kwamba chumba kiko tayari.

Wakati tunamngoja Riziki, mvua ilikuwa inawalowesha kuku, basi tukamlaza humo kuku mmoja na vifaranga vyake. Asubuhi nilipofungua, vifaranga vyote vilikuwa vimelala sakafuni, vimekufa. Mama yao alikuwa juu ya gunia la makaa, mzima, ananitazama tu. Hapakuwa na damu. Nikafikiri ni kicheche, lakini kicheche gani anaua asile? Nikafikiri sumu, na nakwambia ukweli, rohoni nilishamtaja jirani. Nikainama kuviokota. Papa, niliposhusha kichwa pumzi ikakataa. Kifua kilipanda na kushuka kama cha mtu anayekimbia, lakini hewa haishibishi. Hapakuwa na moshi, sikusikia harufu, hapakuwa na kitu cha kukimbia. Bahati alikuwa ngazini, akanishika kitenge akanivuta juu. Ningekuwa peke yangu, leo mngekuwa matangani.

Kelele zilimleta Mama Solange, jirani yule yule niliyekuwa nimemtaja rohoni. Yeye na mume wake, karani, walitoka upande wa Bukavu zamani sana, na Goma wanaijua kuliko sisi. Alimkuta Bahati anataka kurudi ndani kuchukua yule kuku, akamshika mkono.

"Musiingie! Ile ni mazuku."

"Mazuku ni nini?" Bahati akauliza. "Ni mashetani?"

"Hapana shetani. Ni hewa mubaya, inatokaka chini ya mawe. Iko muzito, inakaa mu mashimo sawa maji. Hauione, hauinuse. Mutu mukubwa akisimama anaweza kupona. Mutoto akilala chini, basi."

Akachukua buji, mshumaa, akaisimamisha ndani ya kopo la maziwa, akaiteremsha kwa kamba kupitia mlangoni. Ilipofika usawa wa magoti ikazimika. Akaivuta, akaiwasha tena, akaishusha, ikazimika pale pale. Hakuna aliyeipuliza, Papa. Mimi nilikuwa natazama mahali nilipopanga kutandika mkeka wa Riziki.

Mchana jua lilipowaka na upepo wa ziwa ukaja, Bahati akajaribu mwenyewe, na buji ikawaka mpaka sakafuni. Akafurahi sana. Unamjua, mtu wa kupona haraka.

"Unaona? Imekwisha. Tutatoboa kadirisha, shemeji atakuya."

"Papa Neema," Mama Solange akamwambia, "inaendaka, inarudiaka. Asubuhi yenye haina upepo njo inakuyaka. Na buji kuwaka, haiseme kama uko salama."

Maneno hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Mwizi nitamsikia, bomu nitalisikia. Hiki kinaingia kwangu kama mtoto wa nyumbani, bila kubisha hodi.

Tumekibomoa chumba. Bahati alitoa misumari, na mimi nilijifanya sioni macho yake. Kama kuna mtu huko kwetu anayetaka kujenga huku, msomee haya. Asichimbe kwenda chini. Ujenzi wetu wa kilimani huku unaua. Kiwanja cha bei rahisi aulize kwanza kwa nini ni rahisi, na aulize majirani, si muuzaji. Akiona bonde dogo lenye ndege au panya waliokufa ovyo, asisogee, na asimtume mtoto kuokota chochote humo. Wengine wanasema shimo jaza mawe tu yatakwisha, lakini hewa ile inapita katikati ya mawe. Sakafu ainue juu ya nguzo za mawe, na chini yake aache wazi huku na huku upepo upite. Ukuta wa kuzunguka parseli asiuzibe wote. Sisi wetu tulikuwa tumeuziba vizuri kwa ajili ya wezi, kumbe tulikuwa tunaifungia hewa ndani pamoja nasi. Sasa tumetoboa upande wa bondeni. Wezi waje wakitaka. Na kitanda kiwe na miguu mirefu, hata kama wageni watacheka.

Utasema Riziki alale nasi. Papa, kitandani tuko wanne, Baraka analala juu ya tumbo la baba yake. Riziki atapata mkeka, na mtoto atakuwa naye hapo chini. Nyumba yetu iko juu kidogo ya lile shimo, na Mama Solange anasema mazuku haijawahi kufika huku. Haijawahi. Neno hilo watu wanalitumia mpaka siku inapofika. Kila asubuhi nawazuia watoto kitandani, nashusha buji sakafuni, ndipo nafungua mlango nangoja upepo. Neema ananiuliza, "Mama, tushuke?" na mimi naitazama buji tena kabla ya kumjibu. Tungekuwa na pa kwenda tungehama leo. Bahati ameanza kuinua chumba kingine upande wa juu, mbao moja moja, na hakitakuwa tayari upesi.

Najua kuwaambia wabaki huko ni kuwaacha karibu na bunduki. Usifikiri sikuliona hilo. Nimekaa nalo mpaka chakula kikanishinda. Basi kuna Rumangabo, njiani kuja huku, kwa shangazi. Ana vyumba viwili na ardhi yake ni nzuri. Najua hamuongei tangu ugomvi wa shamba, na najua dada yako ana ulimi. Muombe hivyo hivyo, Papa. Akikutukana, umeze. Mimi nimemeza yako ya jana na bado niko hai.

Kama barua hii itakuta wameshapanda gari, mtume mtu awafuate, awateremshe Rumangabo. Nakuomba kwa magoti.

Msalimie sana Mama, mwambie nakumbuka ugali wake wa mtama. Msalimie kaka anayechunga ng'ombe, ndama aliyeniahidi ningali namdai. Msalimie mchungaji na mama wa kwaya, watuombee upepo, ndiyo, upepo. Bahati anakusalimu, na bado ana aibu. Riziki mwambie kwamba nampenda, na asisikilize watu watakaomwambia kwamba dada yake amemkataa.

Nawe endelea kuniita mchoyo. Niite hivyo hata kanisani, mbele ya wote, sitajitetea. Ila huyo mtoto akue, Papa, apate miguu na ulimi, aje yeye mwenyewe mpaka Goma aniulize kwa nini nilimfungia mlango.

Binti yako,
Furaha