Moto wa Kampuni Unapungua

Nyumbani, 6 Machi 2004

Mwanangu mpendwa Tega,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Ibadan. U hali gani? Na mkeo, tumbo bado linamsumbua? Mimi mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa kikohozi kile unachokijua.

Nina habari moja tu. Moto wa kampuni ya mafuta unapungua. Ule uliozaliwa ukaukuta, nami nikaukuta nilipoolewa hapa, sasa umeshuka, hauzidi kimo cha mtu. Zamani tulianika muhogo mbali na bomba linalotema moto huo, na jioni tukaukusanya umekauka kau. Siku hizi tunasogeza mikeka mpaka nyuso zinatuwasha. Jana Mama Ochuko alisogea mno, upindo wa kanga ukashika moto. Tulimmwagia maji ya muhogo. Akapiga kelele, "Niacheni niungue, angalau mimi nitakauka!" Tulicheka mpaka tukaketi chini.

Mhandisi wa kampuni anasema gesi iliyo ardhini inakwisha. Nikamwuliza, "Inakwishaje, baba, kitu alichoweka Mungu?" Akajibu, "Mama, hata Mungu aliweka kiasi." Nimeliombea hilo neno, bado halijaniingia moyoni.

Mama yako

Ibadan, 19 Machi 2004

Mama,

Napiga goti nikikuamkia: migwo. Sisi wazima, mkweo huyu anakusalimu, anakula sasa.

Mama, acha uzimike! Moto huo ndio uliokupa kikohozi, ndio unaotutobolea mabati ya paa kila mwaka. Nimemaliza mafunzo ya umeme wa jua, na fundi wangu amenionyesha kutengeneza sanduku la kukaushia: chini bati jeusi, juu kioo, upepo unapita katikati. Halina moshi. Jua halina kampuni, Mama, wala halikwishi. Pasaka nakuja nalo. Tafadhali usiende tena kule bombani.

Mwanao

Nyumbani, 23 Mei 2004

Migwo yako nimeipokea: vrendo, mwanangu, inuka. Habari za huko? Mimi nipo, Mungu ananilinda.

Tangu uondoke baada ya Pasaka, sanduku limefanya kazi. Muhogo ulitoka mweupe, hauna harufu ya moto, wanunuzi wa Warri wakauliza nimeufanyaje. Wenzangu wananitania. "Mama Tega amelifungia jua kabatini! Tupe na ufunguo tulione!" Ila walikuwa wakija kuchungulia, mmoja mmoja.

Moto ulizimika Jumanne. Wenzangu walikuwa kule na mabeseni yao, nami nilikuwa napita kutoka shambani. Ulikohoa kidogo, ukaacha. Tukasimama. Mama Ochuko akauliza, "Sasa twende wapi?" Tukajitwisha mabeseni, tukarudi. Bado tunazungumza kwa kupayuka, kana kwamba ule mngurumo wa moto bado upo, halafu tunatazamana.

Mchungaji aliita ibada ya shukrani. Nilikwenda, nikapiga makofi na wenzangu. Nilidhani nitafurahi au nitalia. Moyo umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Uniombee.

Mama yako

Ibadan, 27 Juni 2004

Mama, migwo.

Hujambo? Mbona kimya? Nimesikia mvua huko zimeshika. Sanduku linaendeleaje? Niambie ukweli, usinifiche kwa kuwa ni mwanao.

Mwanao

Nyumbani, 18 Julai 2004

Vrendo, mwanangu. Mnaendeleaje? Mimi siumwi, usishtuke kwa ukimya wangu. Nilikosa namna ya kukwambia.

Sanduku limeloa. Ni mvua asubuhi, mvua jioni, na katikati wingu. Mara tatu muhogo umeota ukungu humo ndani. Nikawapa mbuzi, nao wakaugeuzia kisogo. Uliniandikia kwamba jua halikwishi. Ni kweli, mwanangu, halikwishi, ila mwezi huu halipo. Kosa si lako. Novemba jua likirudi nitalitumia sanduku, nami nitajivuna tena.

Lakini mpaka Novemba nile nini? Wanunuzi wa Warri hawatanisubiri. Wenzangu wanakausha kwa kuni, juu ya chanja, na vichaka vyote vya karibu vimekwisha. Iliyobaki ni miti ya mpira ya marehemu baba yako, nyuma ya nyumba. Tangu tulipomzika ni yako, na mimi mjane siwezi kuitia panga bila neno lako. Baba yako mdogo alikuja na msumeno begani. "Shemeji, niruhusu tu, nikuangushie mmoja leo hii!" Nikamwambia, "Mwenyewe yupo hai, yuko Ibadan, na anajua kuandika." Akaenda zake akinuna.

Baba yako aliipanda mwaka uliozaliwa wewe. Naitazama na sisikii uchungu wowote, na hilo ndilo linalonitisha nikipiga magoti. Ndiyo maana sitaki kuamua peke yangu. Ukikataa sitakasirika, nitakwenda kukaa kwa dada yangu Ughelli na kuacha kazi hii.

Andika neno moja tu, kata au acha. Tafadhali nijibu mapema.

Mama yako