Majani Matatu Kwenye Kaburi la Babu

Jumapili, 17 Mei

Leo baada ya ibada Mjomba Royce kajitia mwenyekiti wa ukoo. Eti Jumapili ya Mapambo, siku ya kupamba makaburi ya ukoo na kula pamoja hapo hapo, mwaka huu hatupandi kilimani. Makaburi ya zamani yamemezwa na ivi ya sumu, ule mmea wa kutambaa unaowasha, watu hawawezi kwenda kupamba wakarudi na malengelenge. Meza za chakula zitapangwa kwenye makaburi mapya kule kando ya barabara. Mwaka huu na kila mwaka.

Bibi Verda akauliza, na Elzie je? Elzie ni babu, mume wake. Yuko kule juu. Bibi hajakanyaga kaburi lake kiangazi cha tatu sasa, maana ivi ikimgusa kidogo tu anavimba hadi macho yanafumba.

Nikasema nitasafisha mimi. Peke yangu. Wiki mbili nyingi.

Mjomba: "Wewe? Hata darasa la kumi lilikushinda."

Sawa, lilinishinda. Ila ivi haijanishinda. Tangu nizaliwe sijapata kipele hata kimoja. Kila mtoto huku anaujua wimbo — majani matatu, usiguse katu. Mimi nagusa. Nikachuma tawi pale pale nyuma ya kanisa, nikajisugua shingoni mbele ya wazee. Mchungaji akasogeza kiti chake.

Mjomba akasema haya, hadi tarehe 31. Likibaki jani moja, tunakula barabarani.

Jumanne, 19 Mei

Makaburi ishirini na sita. Nimefichua tisa. Nang'oa na mizizi — ukikata tu, inakucheka, wiki ijayo imerudi na ndugu zake. Ile iliyokwea mwaloni ni nene kama mkono wangu (na mkono wangu si mchezo), ina manyoya kama mguu wa mbuzi.

Binamu Tressa, binti wa Mjomba, alikuja kuchungulia. Kasimama nje ya ua. Akasema nanuka kama beberu. Nikamwambia ingia basi uninuse vizuri. Hakuingia.

Alhamisi, 21 Mei

Nimefanya upumbavu.

Juzi nilitupa suruali kwenye kapu la nguo chafu. Bibi akaifua kwa mikono, mashine ni mbovu. Leo mikono yake imeumuka hadi kwenye viwiko, kama donge la mkate. Mafuta ya ivi yanaganda kwenye nguo. Mimi hayakunifanya kitu. Nilikuwa punda tu — mzigo nimeushusha nyumbani.

Mjomba akaja na chupa ya dawa ya mwasho, ile ya kupaka ya rangi ya waridi, na maneno mengi. "Umeona? Utamuua mama yangu kwa ubishi wako. Basi, imekwisha. Ni barabarani."

Nikaiokota ile suruali, nikaitupa nje ya mlango.

Bibi alikuwa anajipaka taratibu. Akamwambia, "Royce mwanangu, kuwashwa nimeshawashwa. Heri niwashwe karibu na mume wangu." Halafu akanigeukia: "Na wewe, nguo zako ufue mwenyewe. Nje. Kwenye ndoo."

Nimefua mara tatu.

Jumapili, 24 Mei

Kumi na saba. Tressa anashauri nichome rundo. Nikamwuliza, moshi wake ukiingia kifuani, nani atakukuna mapafu? Akakiri niko sawa. Siku ya kihistoria.

Jumatano, 27 Mei

Kuna kitu kwenye kifundo cha mkono. Mbu.

Ijumaa, 29 Mei

Si mbu.

Mikono yote, na tumbo. Inatoa maji. Kumbe mwili unaweza kuvumilia miaka kumi na saba, siku moja ukachoka bila kukupa taarifa. Nimevaa shati la mikono mirefu ndani ya jua kali. Tressa akauliza vipi. Nikamwambia ni mtindo.

"Mbona mtindo umepanda hadi shingoni?"

Akaniletea majani ya kijitoni, yenye maji kwenye shina, ya kutuliza mwasho. Nikajipaka. Nikamwomba asimwambie baba yake, akasema atafikiria. Kisha akatazama makaburi, akasema si mabaya. Kwa Tressa hiyo ni hotuba.

Limebaki moja. La babu. Nimeliacha mwisho, kama mtu anavyoacha nyama pembeni ya sahani.

Jumapili, 31 Mei

Jicho la kushoto limefumba. La kulia linatosha.

Nimemaliza saa moja asubuhi. Hakuna jani. Jina la babu linasomeka hadi herufi ya mwisho. Ningependa Mjomba aje akague hata kwa darubini.

Haji. Namwona kutoka hapa juu, yuko njiapanda, anayaelekeza magari kwa mkono — barabarani, barabarani. Magari matatu yameshamtii, yamekwenda huko na vyungu vyao. Makubaliano yetu kayameza.

La nne ni pikapu ya Tressa. Bibi yuko mbele. Taa ya kukunja inawaka upande wa kilima. Mjomba kasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Tressa hapigi honi wala hakunji.

Nimepunga shati. Sijui kama wameniona.

Bibi kateremsha kioo. Maneno siyasikii, ila mkono wake nauona, wa waridi wote kwa dawa, unamnyooshea Mjomba kidole, kisha unanyoosha huku juu. Mjomba anatikisa kichwa. Nyuma yao magari yamefika sita, na hakuna anayegeuza.

Mlango wa Bibi unafunguka. Ametoa mguu mmoja, na mguu unaelekea huku kilimani. Naweka kalamu chini, nashuka.