Mwanangu Amempa Babu Yake Siri ya Mbio

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nina furaha na hofu pamoja. Mume wangu Reiji ni mpanda farasi wa mashindano hapa Kyoto, na farasi wake Kogarashi kila mtu anamjua, lango likifunguka anatangulia mbele halafu anaishiwa pumzi, hakuna anayembetia. Ijumaa, kabla Reiji hajaingia bweni la wapanda farasi, ambako wananyang'anywa simu mpaka mbio ziishe, alimbeba mwanetu Kanata wa miaka minne mgongoni akazunguka naye sebuleni akimwambia, "Safari hii na Kogarashi tunajificha nyuma, tunasubiri kona ya mwisho," mimi nanyonyesha mdogo wake, nikacheka tu.

Jumamosi akaja baba yangu, kubeti kwake ni ugonjwa lakini bila yeye kunishikia watoto nisingelala kabisa, akapiga magoti awe farasi kama kawaida, akaanza kwenda mbio, Kanata akamvuta masikio.

"Babu, bado! Baba amesema Kogarashi anakaa nyuma mpaka kona ya mwisho!"

Baba akaganda. "Reiji amesema hivyo?"

"Ndiyo. Usisimame, wewe farasi!"

"Baba, usithubutu," nikamwambia. "Ukibeti kwa siri hiyo, mkweo atanyang'anywa leseni."

"Kwani nimefanya nini? Nimecheza na mjukuu wangu." Huyo, anatafuta kofia.

Jumapili nikamfuata uwanjani na watoto wote, Kogarashi akatoka wa mwisho kabisa, watu wanamzomea Reiji, "Umelala, wewe?", baba tiketi yake ya kubeti kaibana kiganjani, wakafika kona, Reiji akamtoa nje ya kundi akamwachia, na yule farasi akawapita mmoja mmoja kama wamefungwa kamba, mshauri, nikajikuta juu ya kiti na mtoto mgongoni napiga kelele "Sasa! Sasa!", akashinda kwa urefu wa pua tu! Baba akanikumbatia akilia, anasema kila Jumamosi atakuja kucheza farasi. Reiji anarudi jioni hii. Nikisema, baba hatakanyaga tena kwetu. Nikinyamaza je?

Chizuru

Chizuru, hongera kwa ushindi na pole kwa uchovu. Nami nakuandikia na mtoto pajani, kwa hiyo uchovu usiufanye kisingizio.

Simu ya mumeo ilifungiwa, miguu yako haikufungiwa. Ulimwona baba anatafuta kofia, ungeikalia! Badala yake kesho yake umepanda juu ya kiti. Na Reiji naye! Anakabidhi simu ili siri isitoke, kumbe siri ameiacha nyumbani kwa mtoto wa miaka minne. Kanata asiguswe, yeye alikuwa anaendesha farasi wake vizuri tu.

Jioni hii mwache Reiji aoge, ale, kisha mwambie yote, hata ile "Sasa! Sasa!" yako. Kesho aende mwenyewe kwa wasimamizi wa mbio akaeleze, kabla baba hajajisifu kwa wenzake. Ataadhibiwa? Huenda. Kukamatwa akificha ni kubaya zaidi. Na sebuleni acheze mbio zilizokwisha, si zinazokuja.

Baba usimfukuze. Mwambie, "Baba, njoo Jumatatu na Jumanne. Ikifika Alhamisi, mlango wetu kwako umefungwa mpaka mbio ziishe." Atanuna, mwache anune. Kama kinachomleta ni wajukuu, Jumatatu utamwona mlangoni, siku ambayo farasi ni yeye peke yake.