Baiskeli Niliyoisukuma Mpaka Malaba

Mjukuu wangu Barasa,

Mungu ametutunza, na ng'ombe amezaa.

Umeniuliza kwa nini wasichana hawachukui zile baiskeli za pamoja mlizoanzisha chuoni. Chuo chetu cha ushonaji hapa Amagoro kilikuwa nazo mbili. Siku moja nilitumwa nyuzi Malaba, nikaisukuma moja njia yote. Walioniuliza niliwaambia ina pancha. Turniboi, msaidizi wa dereva, akashuka kwenye lori na pampu, akabonyeza gurudumu.

"Dada, hii imejaa! Ama ni baiskeli inakupanda wewe?"

Foleni nzima ya malori yaliyongoja kuvuka mpaka ikacheka. Sikujua kuendesha, na niliona haya kusema. Sikuigusa tena.

Waulize polepole, mmoja mmoja. Mimi hata leo sijui kuendesha. Ukija Krismasi unishikie keria ya baiskeli nijifunze, babu yako asione.

Nyanya yako anayekuombea